Barua moja kwa ndoo moja ya maji: nilivyoanza kuandika Newala mpaka kitabu changu cha kwanza

Mwandika Barua (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kijana mmoja wa kidato cha tatu alinifuata nyumbani hapa Mtwara mjini, daftari kalikumbatia kifuani. Akasalimia, akasimama kimya, mwisho akasema: "Shikamoo mwalimu. Nasikia umeandika kitabu. Na mimi nifanyeje niwe mwandishi?" Nilikuwa natoka kuwahi kipindi. Nikamwambia asome sana na asikate tamaa. Akashukuru, akaondoka.

Tangu siku ile jibu hilo linanisumbua. Hata mtu ambaye hajawahi kumaliza ukurasa mmoja angeweza kulitoa. Yule mtoto alitembea na daftari lake kunifuata, alistahili kuambiwa ukweli. Basi naandika hapa jibu ambalo ningempa kama ningekaa naye kutwa nzima. Ni refu, nitalileta kwa vipande. Wenye maswali ulizeni, nitajibu.

Nilizaliwa Newala, juu kabisa kwenye uwanda wa Makonde, nikalelewa na bibi mzaa mama. Anayeijua Newala anaijua shida ya maji. Mchanga wetu unameza mvua yote, chemchemi ziko chini bondeni. Kina mama walikuwa wanaamka saa tisa usiku, wanashuka mteremko gizani, wanapanda jua likichomoza na ndoo kichwani. Ndoo moja haikuwa kitu cha kuchezea. Mtoto akiimwaga, nyumba nzima inanyamaza.

Miaka hiyo, kuanzia 1993 hivi, vijana wengi wa kiume walikuwa wamekwenda Dar es Salaam kufanya biashara ndogondogo. Jina lenyewe la machinga linatokana na watu wa huku kwetu Kusini. Simu hazikuwepo. Barabara ya Lindi kwenda Dar ilikuwa mateso, daraja la Rufiji halijajengwa (limefunguliwa 2003), na masika yakishika basi linaweza kulala njiani siku kadhaa. Kilichobaki ni barua. Nyingi hazikupita posta. Zilipewa mtu anayesafiri, na juu ya bahasha unaandika "kwa hisani ya mbebaji".

Nilikuwa darasa la nne, mwandiko wangu unasomeka. Jirani yetu mmoja, niliyemwita mama mkubwa, alikuja na karatasi aliyoichana katikati ya daftari la mwanawe mdogo. Anataka kumwandikia mwanawe mkubwa aliyeko Kariakoo. Akasema maneno yake, mimi nikaandika kama nilivyofundishwa shuleni. Nikamsomea kwa sauti, najisikia msomi:

"Mpendwa mwanangu, pokea salamu nyingi kutoka kwangu mama yako. Baada ya salamu, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako."

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Hiyo barua ya nani?"

Nikamwambia, "Yako, mama mkubwa."

"Mimi sijasema hayo. Mimi nimesema mbuzi amezaa."

Nikataka kumweleza kwamba barua ndivyo zinavyoandikwa. Akanikatiza. "Mwambie yule mbuzi mweusi aliyemwacha na mimba amezaa wawili. Mmoja amekufa. Aliyebaki ana baka jeupe pajani, kama lile alilozaliwa nalo yeye. Andika hivyo hivyo. Akisikia hivyo atajua ni mimi ninayesema."

Nikageuza karatasi, nikaandika upya nyuma yake. Kesho yake asubuhi aliniletea ndoo ya maji, akaimimina kwenye mtungi wa bibi. Hakusema ni malipo ya nini. Ila wiki iliyofuata walikuja kina mama wawili, na kila mmoja alikuja na ndoo yake.

Naendelea kesho.

Mkorosho Mkavu

Naweka kambi hapa. Nimekulia Tandahimba, ndoo ya maji ya enzi hizo naijua bei yake. Dada tiririka.

Kijana wa Mnazi Mmoja Lindi

Hiyo "mbali na upeo wa macho yangu" imenikumbusha marehemu mama. Barua zote zilianza hivyo!

Mwandika Barua

Ahsanteni. Naendelea.

Kazi ya barua niliifanya mpaka namaliza darasa la saba. Ninyi mnaotaka kuandika nawaomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu ndipo palipo na shule yangu yote.

Kwanza, nilijifunza kwamba kila mtu ana maneno yake. Mama mkubwa alikuwa anataja mnyama au mti ndipo afikie mtu. Bi kizee mwingine hakuweza kuomba kitu moja kwa moja. Akitaka mwanawe amletee khanga, atasema, "Mwambie jirani amevaa khanga nzuri Idi." Basi. Mimi kazi yangu ni kuandika sentensi hiyo bila kumwongezea "naomba". Siku moja nilimwongezea, akaniambia nimemfanya ombaomba mbele ya mwanawe. Alikuwa na haki. Nilikuwa mtoto wa miaka 11 na nilijua nimekosea kitu kikubwa, ingawa sikuwa na jina la kukiita.

Pili, nilijifunza kunyamaza. Kulikuwa na mama mmoja kijana, mumewe yuko Dar mwaka wa tatu bila salamu. Alikaa kwenye mkeka wetu muda mrefu bila kusema. Mwisho akaniambia niandike: "Mlango nimeuweka bawaba mpya." Nikasubiri. Akasema, "Imetosha, funga bahasha." Niliona aibu kupeleka barua ya mstari mmoja. Sasa nina miaka arobaini na kitu, nimesoma riwaya nyingi, na bado sijakutana na mstari ninaouonea wivu kama ule.

Je, hapo nilikuwa nawaza kuwa mwandishi? Hapana. Wazo la kitabu lilikuja kwa njia nyingine. Shuleni kulikuwa na kabati moja la vitabu, ufunguo anao mwalimu mkuu. Siku ya kufanya usafi nikapata humo kitabu kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo, kinaanzia ukurasa wa 9. Nikaomba nikisome, nikaruhusiwa. Nilikisoma mara nyingi mno. Lakini kilichonikaa rohoni ni swali: nani ameandika? Jina lake lilikuwa kwenye zile kurasa zilizochanika. Nikafikiri, mahali fulani yuko mtu ambaye maneno yake ninayo mikononi na yeye hanijui na mimi simjui. Nikatamani na mimi niwe hivyo. Mtoto wa Newala anatamani maneno yake yafike kwa mtu asiyemjua! Bibi nilipomwambia alicheka kwa furaha, akasema basi nianze na hadithi zake maana yeye anakaribia kuzisahau.

Halafu mwaka 1995 Benjamin Mkapa akachaguliwa kuwa rais. Furaha ya Kusini mwaka ule waliokuwepo wanaikumbuka. Mwalimu wetu wa Kiswahili alituambia jambo ambalo redioni sikulisikia likisisitizwa: kwamba huyu mtu wa Lupaso, Masasi, jirani zetu kabisa, kabla ya ukubwa alisomea Kiingereza Makerere na alikuwa mhariri wa magazeti ya serikali na ya chama. Wenzangu waliona rais. Mimi niliona mtu wa Masasi ambaye kazi yake ilikuwa kusahihisha sentensi za watu wengine na kulipwa mshahara. Sikujua kama kazi hiyo ipo duniani.

Mama Lishe wa Ligula

Huyo wa bawaba mpya jamani. Mume alirudi?

Mwandika Barua

Dada yangu, huyo hakurudi. Lakini mlango aliufunga vizuri na maisha yakaenda.

Sasa nije kwenye makosa yangu. Nitayasema wazi, kwa sababu kijana yule atayapitia vilevile.

Nilisoma sekondari, nikasomea ualimu, nikapangiwa shule ya msingi huku Mtwara. Mwaka 2006 nikaanza riwaya. Niliiandika kwenye kauntabuku tatu, usiku, kwa kibatari na baadaye kwa umeme. Ilikuwa inahusu tajiri mmoja wa Dar es Salaam mwenye nyumba ufukweni, na mpelelezi anayevaa miwani meusi. Wakati huo Dar nilikuwa nimefika mara moja, siku nne, nyumbani kwa mjomba, Mbagala. Ufukwe wa matajiri sikuuona. Lakini niliamini kitabu ndivyo kinavyotakiwa kuwa: watu wakubwa, mji mkubwa, maneno makubwa.

Nikapeleka kauntabuku zangu steshenari, karibu na soko la Chikongola. Pale kulikuwa na dada anachapa kwa kompyuta, malipo kwa ukurasa. Mshahara wangu ulimudu kurasa chache kila wiki, kwa hiyo kazi ilichukua miezi. Dada yule alichapa riwaya yote ile, zaidi ya kurasa 200, anatafuna karanga, na hakuwahi kuniuliza swali hata moja kuhusu kinachotokea humo. Nilimsifu moyoni kwamba ni mtu makini na kazi yake.

Nikaibaindi, nikaitia kwenye bahasha ya kaki, nikaituma kwa basi kwa mchapishaji mmoja wa Dar. Sitamtaja. Nikasubiri mwaka mmoja. Miwili. Barua zangu za kuulizia hazikujibiwa. Mwaka 2009 wakati wa likizo nikafunga safari mwenyewe. Nikapokewa na binti mwenye adabu, akaingia chumba cha ndani, akakaa huko, akatoka na bahasha yangu. Ilikuwa haijafunguliwa. Gundi niliyoipaka kwa mkono wangu ilikuwa palepale, na ule mkunjo wa pembeni nilioukunja mimi.

Nililia pale kituoni, sitaficha. Lakini mwendo wa kurudi ni mrefu, na mtu ukiwa kwenye basi huna pa kwenda. Baada ya daraja la Mkapa, lile la Rufiji, nikaifungua mwenyewe, nikaanza kuisoma kama msomaji. Hatujafika Somanga nimeshachoka. Mpaka tunasimama Nangurukuru nilikuwa nimeifunga, natazama dirishani. Watu wote wa humo walikuwa wanasema "mbali na upeo wa macho yangu". Hakuna hata mmoja aliyesema mbuzi amezaa.

Uchungu wa ile bahasha bado ninao. Mtu aliyetuma kazi yake anastahili ifunguliwe, hata kama atakataliwa, na hilo nitalisema popote. Lakini mswada ule haukuwa tayari, na kama ungechapwa leo ningeuficha.

Mwalimu wa Zamu

Pole sana mwalimu mwenzangu. Swali langu ni hili: kwa nini Kusini hatuna waandishi? Tanga wana Shaaban Robert, Zanzibar wana lundo, na mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah kachukua Nobel. Sisi tuna korosho na gesi tu?

Mwandika Barua

Mwalimu, swali hili nililibeba miaka mingi kama wewe, na lilinifanya niamini kwamba uandishi ni wa watu wa kwingine. Naomba nilijibu kwa kirefu kidogo.

Lindi kulikuwa na mshairi anaitwa Abdul Karim bin Jamaliddini. Huyu alitunga utenzi mrefu kuhusu Vita vya Maji Maji, vita vya 1905 mpaka 1907 ambavyo babu zetu wa huku walivipigana. Ulichapwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1957. Mtu wa Lindi, anaandika habari za vita vilivyopita mlangoni kwake, kwa Kiswahili, kwa beti. Mimi nimesoma shule Kusini, nimefundisha Kusini, na jina lake nililisikia kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima. Inaniuma.

Rudi nyuma zaidi. Kilwa walikuwa na tarehe yao, yaani historia na habari za masultani wao, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16. Nakala yake iko London. Na kwa upande wa kuchapa, watawa Wabenedikto walifika Ndanda mwaka 1906, na walio na umri wangu wameshika vitabu vyenye maneno "Ndanda Mission Press" nyuma ya ukurasa wa jina. Mashine ya kuchapa vitabu ilikuwa ndani ya mkoa wetu wakati mimi nawaza kwamba vitabu vinatoka mbali.

Kwa hiyo waandishi tulikuwa nao. Tulichokosa ni kuwapata mikononi tukiwa watoto, majina yao yakiwa bado kwenye jalada.

Kuhusu Gurnah: aliondoka Zanzibar kijana, akaanza kuandika akiwa na miaka 21 ugenini Uingereza, kwa Kiingereza, na riwaya yake moja imetafsiriwa kwa Kiswahili ikaitwa Peponi. Nimeisoma polepole. Nilichochukua kwake ni kuona mtu aliyekaa ugenini miaka yote hiyo akiendelea kurudi kwa watu wa pwani hii, kwa majina yao. Nami sikuwa nimeondoka hata kidogo, nilikuwa nimekaa katikati yao na ninaandika habari za tajiri nisiyemjua.

Mkorosho Mkavu

Umenifundisha jambo. Huyo mshairi wa Lindi sikumjua. Haya, mswada wa pili?

Mwandika Barua

Mswada wa pili ulianza na msiba. Bibi alifariki 2010. Kwenye matanga wakaja kina mama walewale, wamezeeka, na mmoja baada ya mwingine ananiambia, "Wewe ndiye uliyekuwa unaniandikia." Usiku wa tatu nikaanza kuandika riwaya ya mtoto anayeandika barua za kijiji. Sikutumia barua ya mtu yeyote kama ilivyokuwa. Siri zao ni zao. Nilichotumia ni namna walivyosema.

Niliandika saa kumi na moja alfajiri kabla ya kwenda shule, ukurasa mmoja kwa siku, siku nyingine nusu. Msimu wa salfa sikuandika kabisa, kwa sababu mikorosho aliyoniachia bibi inataka dawa na ukichelewa wiki mbili maua yote yanaliwa na ugonjwa wa ubwiri. Nasema hivi kwa wale wanaofikiri mwandishi anajifungia ndani. Mkorosho haungoji sura ya tano.

Nikarudi steshenari kwa dada yuleyule. Nikampa kurasa kumi za mwanzo. Jumamosi iliyofuata nimechelewa kwenda, nilikuwa na mtihani wa kusahihisha. Jumatatu akanipigia simu: "Dada, kwani hukuleta kurasa? Yule mtoto ile barua aliipeleka au aliichana?"

Nilikaa chini. Miaka minne nyuma alichapa kurasa 200 zangu bila kuuliza kitu.

Toka siku ile yeye ndiye mhariri wangu wa kwanza. Akichapa sehemu bila kusema, naitilia shaka. Akinirudishia akasema "huyu mama hapa siyo yeye", naifuta. Hajasomea fasihi. Alinitendea kama mama mkubwa alivyonitendea na ile karatasi ya kwanza.

Uchapaji nitaupita haraka, maana wengi mnaujua. Nilijichapishia mwaka 2014. Namba ya ISBN, ile ya kutambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, usikubali mtu akuuzie ya kwake. Mchapaji aliniambia kurasa zangu 132 zitanigharimu, kwa kuwa karatasi kubwa hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 16, na 132 inaacha fungu moja karibu lote tupu. Akasema nipunguze nne zifike 128. Nilikasirika usiku mzima. Asubuhi nikazitafuta hizo kurasa nne, nikazipata, na zilikuwa zile ambazo mimi mwenyewe nilikuwa naeleza maana ya hadithi kwa msomaji. Nikazitoa. Kitabu kikapumua.

Nilichapa nakala 300. Maboksi yalipofika nikafungua na jirani yangu sebuleni, furaha tele, mpaka yeye akaniuliza, "Mbona baada ya ukurasa wa 32 inakuja 49?" Nakala zaidi ya 50 zilikuwa zimepangwa fungu moja mbele ya jingine. Tulikesha tunafungua kimoja kimoja, vizima huku, vibovu kule. Mchapaji, namshukuru, alikubali kosa akarudia bila malipo.

Mwanafunzi wa Chuo, Mtwara

Dada samahani, swali la hela. Uandishi unalipa? Na nikituma kazi yangu haitaibwa?

Mwandika Barua

Mdogo wangu, nitakujibu bila kukupamba.

Nilichapa kwa karibu shilingi 3,000 kila nakala, nikauza 5,000. Duka la vitabu likitaka fungu lake, nauli ikitoka, inabaki kidogo. Niliziuza nyingi kwa mkono, kuanzia Oktoba mpaka Januari, malipo ya korosho yakianza kuingia. Jumamosi naenda Tandahimba au Newala, natandika khanga karibu na stendi, napanga vitabu. Mwanzoni watu walipita. Nikaanza kusoma ukurasa mmoja kwa sauti. Mwendesha bodaboda anazima injini. Mzee anasimama na baiskeli yake. Nikifika katikati ya barua nafunga kitabu. Nilimaliza nakala 300 kwa misimu miwili, na wengi walionunua walisema wanampelekea mtoto akawasomee.

Bado nafundisha. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha kuanzia 1926 mpaka 1944, na vitabu vikaandikwa. Usiache kazi.

Kuhusu kuibiwa: kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 1999, haki ni yako tangu unapoiandika kazi, na inaendelea maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakusaidia kuthibitisha. Mimi hofu yangu kubwa zaidi kwako ni mkataba. Soma kila mstari, hasa unaosema haki zinarudi kwako lini.

Na tuma kwenye tuzo. Sisi hatukuwa nazo tukiwa vijana. Kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inaratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ilitolewa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu. Mshindi wa kwanza milioni 10, na serikali inachapa kitabu chake. Kuna na ile ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Nimetuma mara moja, sikushinda. Nitatuma tena. Bahasha huko inafunguliwa.

Kijana wa Mnazi Mmoja Lindi

Swali la lugha. Unaandika Kiswahili cha shule au cha kwetu? Mimi nikiandika naogopa kuonekana wa kuja.

Mwandika Barua

Ndugu yangu, hili nimegombana nalo. Mtu mmoja aliyenisaidia kuhariri, msomi kweli, alifuta "ming'oko" akaandika "viazi pori". Nikarudisha. Akafuta tena, akasema msomaji wa Mwanza hatajua. Nikamwambia msomaji wa Mwanza ana akili: akiona mtoto anachimba na fimbo kichakani, bibi anachemsha, wanakula na chumvi, atajua ni chakula cha kuchimba, na atajua jina lake. Mimi nilijifunza theluji kwenye vitabu na sikuwahi kuambiwa ni mvua ya baridi.

Lakini usijaze maneno ya kikwetu ili uonekane wa kwenu. Hilo nalo ni "upeo wa macho". Weka lile ambalo huyo mtu angelisema kweli akiwa amekaa kwenye mkeka wake.

Mama Lishe wa Ligula

Dada, mimi siandiki, lakini nimeusoma uzi wote na wali umeniungulia. Swali moja tu. Yule mtoto wa mama mkubwa wa Kariakoo, wa mbuzi. Alijibu?

Mwandika Barua

Hakujibu kwa barua. Miezi ikapita, mama mkubwa haniulizi, nami nikaona haya hata kupita uani kwake. Nilidhani nimeharibu, kwamba kama ningezibakiza zile salamu za shuleni mwanawe angejisikia kaandikiwa barua ya maana.

Alikuja mwenyewe, kiangazi, jioni, kwa miguu kutoka barabara kuu, begi la bluu begani. Sisi watoto tulimwona kwa mbali tukakimbia kumpokea. Ile karatasi ilikuwa kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mpaka mikunjo imeanza kutoboka, niliitambua kwa mistari ya daftari. Mama mkubwa alitoka jikoni na mikono ya unga, hajui aifute wapi. Alimwamkia mama yake, na kabla hata hajatua begi chini akauliza, "Yule mwenye baka yuko wapi?"